Natafuta hedifoni yenye besi ya kueleweka kwa laki na nusu, nishaumizwa mara tatu

Mzigo wa Mbagala

Wakuu salaam, poleni na majukumu. Miaka yote mimi humu ni msomaji tu ila leo nimeona niandike maana hili jambo linanitoa roho na mke wangu keshaanza kunihesabia hela.

Iko hivi. Natoka Rangi Tatu kwenda Posta kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili, na foleni ya Kilwa Road mnaijua, siku nyingine masaa mawili siku nyingine zaidi, na bila mziki mimi siwezi kabisa yaani bora nisahau pochi. Asubuhi napiga singeli niamke, mchana ofisini amapiano kwa sauti ya chini bosi asisikie, jioni nikishachoka narudi kwa wazee, Msondo na Sikinde. Kwa hiyo mnaona mimi sio mtu wa aina moja. Ila kote huko ninachokitafuta ni kimoja tu, BESI. Sio besi ya kelele, nataka ile ambayo gitaa la besi likiingia unalisikia linatembea, kiki ikipiga unajikuta unatikisa kichwa mbele za watu.

Mwaka huu nishanunua mara tatu. Ya kwanza ni lile dude kubwa la kufunika masikio, nililiuziwa dirishani kwenye foleni, boksi limeandikwa Extra Super Bass kwa maandishi makubwa kuliko jina la kampuni, kufika nyumbani besi ipo kweli ila ni vuuuuu mwanzo mwisho, mwimbaji kama yuko ndani ya pipa. Ya pili ilikuwa earphone za waya, hizi dukani nilizijaribu nikasema hapa nimefika, kupanda daladala besi imeyeyuka sijui imeenda wapi. Ya tatu ndo hizi badzi za Bluetooth ninazo mpaka leo, hizi ndo kabisaa, besi hamna, sauti ya debe, halafu cha kushoto kinadondoka dondoka nishakiokota chini ya siti ya Coaster mara mbili.

Sasa nina laki na nusu nimeificha. Wajuzi nisaidieni, ninunue nini? Sitaki kurudi tena Kariakoo kwa kubahatisha.

kimbunga255

Nimekaa paleee na kahawa yangu, ngoja waje.

Besi Mbele

Mkuu usiumize kichwa, Sony. Hao jamaa besi ni kazi yao toka enzi za zile XB, yaani Extra Bass. Kuna ULT Wear ilitoka 2024, ina kitufe cha ULT pembeni, ukibonyeza mara ya kwanza besi inashuka chini kabisa, ukibonyeza tena inakuwa ya kugonga, mimi mwenzio nilipovaa mara ya kwanza nilivua nikaangalia kama kuna mtu kanigusa bega. Ila kwa laki na nusu hiyo mpya huigusi labda utafute iliyotumika na hapo angalia usipigwe. Vinginevyo ongeza hela.

Sabufa Mstaafu

Hahaha vuuuuu mwanzo mwisho, nimeielewa hiyo sauti. Tulikuwa nayo hosteli, sabufa la jirani, unasikia ukuta tu wimbo husikii.

FundiWaya

Mzigo wa Mbagala, subiri kwanza usitoe hela. Mimi ni fundi redio niko Temeke, nimefungua hedifoni nyingi kuliko harusi nilizohudhuria, na katika hayo maelezo yako mimi nimeona kitu kimoja ambacho wewe umekipita haraka. Cha kushoto kinadondoka. Hapo hapo ndo besi yako imepotelea.

Ngoja nieleze kidogo. Besi ni hewa. Ile spika ndogo ya sikioni inaposukuma na kuvuta inatakiwa iwe inasukuma hewa iliyofungiwa kati yake na ngoma ya sikio lako. Pakiwa na upenyo, hata mdogo vipi, besi ndo ya kwanza kutoroka kwa sababu ule msukumo wake ni wa polepole, hewa inapata muda wa kuchomoka pembeni. Sauti za juu, zile simbali na mashairi, hazijali upenyo, zinafika tu. Ndo maana kitu kinachovuja kinasikika kama debe, sio kwamba hakina besi, inaishia nje ya sikio lako.

Fanya hivi leo leo kabla hujalala. Weka wimbo wenye besi, vaa badzi zako, halafu zisukume kwa kidole taratibu zikae ndani vizuri na uzishikilie. Besi ikija ghafla ujue kifaa hakina kosa, kosa ni vile vimpira. Kwenye boksi huwa wanaweka saizi tatu, watu wanatumia zile zilizokuja zimevalishwa zingine wanatupa, wakati hata masikio ya mtu mmoja mara nyingi hayalingani.

Kuhusu zile za pili zilizoyeyukia kwenye daladala, hapo ni jambo jingine. Muungurumo wa injini na matairi uko chini kule kule iliko besi, kwa hiyo unaifunika, masikio yako yanasikia injini badala ya gitaa. Dukani kulikuwa kimya ndo maana ulidhani umefika. Dawa yake ni mbili, uvae kitu kinachoziba kweli kweli, au upate zile zenye kuzima kelele zenyewe, zenye maiki nje zinazosikiliza muungurumo na kupiga wimbi la kinyume. Hizo uzuri wake zinafanya kazi vizuri zaidi kwenye sauti za chini, injini inapungua besi yako inarudi. Mayowe ya konda utaendelea kuyasikia, usije ukasema sikukwambia.

Na ile ya ofisini kwa sauti ya chini, hapo hata ununue ya milioni besi itapungua tu. Wapo Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walishalipima hili 1933, sikio la mtu sauti ikiwa ndogo linapoteza besi kwanza kabla ya sauti za kati. Kwa hiyo mchana unatakiwa uongeze besi kidogo kwenye ikwalaiza, ile sehemu ya simu ya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu, jioni ukiongeza sauti uirudishe. Sio ugonjwa.

Besi Mbele

Mtu kaomba hedifoni wewe unampa fizikia ya kidato cha nne 😂 ila hapo pa daladala umenigusa, kumbe.

Mzigo wa Mbagala

FundiWaya kaka nimesukuma kwa kidole. Siamini. Niko kitandani hapa mke wangu ananiangalia nimeshika masikio yote mawili kama mtoto anayekatazwa kusikiliza. Besi IPO. Yaani ipo ile yenyewe. Nikiachia cha kulia inabaki, nikiachia cha kushoto inaondoka. Miezi minne nazilaani hizi badzi.

bint_Ngamiani

Fundi umesema kweli tupu na mimi naomba niongezee la kwetu wanawake maana humu mnaongea kama wote mna vichwa vitupu 😄. Mimi navaa mtandio, nikivaa hedifoni kubwa juu ya kitambaa besi inapungua wazi wazi kwa sababu lile sponji halikai kwenye ngozi, linakaa kwenye mikunjo ya nguo. Nilihangaika weee nikadhani nimeuziwa feki. Siku moja niko chumbani nimevua nikaivaa, eh, kumbe mziki wote huo ulikuwepo. Sasa hivi njiani natumia za kuingia ndani, navaa kwanza ndo nafunga mtandio juu, na ule mtandio wenyewe unazishikilia hazidondoki. Kubwa nabaki nayo nyumbani. Hata miwani yenye miguu minene ni hivyo hivyo, inainua sponji pale nyuma ya shavu.

Sabufa Mstaafu

Na rasta je dada? Nina rasta mimi, hedifoni kubwa haikai nimekata tamaa.

bint_Ngamiani

Zirudishe nyuma ya masikio zote, au fuata ushauri wa mtandio 😂

Mwenye Flashi

Nyie wote mnazunguka. Tatizo la besi hapa Bongo ni nyimbo. Watu wanasikiliza mp3 za kushusha mtandaoni za kilobiti 128, zimebanwa mpaka roho imetoka, besi itoke wapi? Weka FLAC, faili ambalo halijapunguzwa kitu, uone.

FundiWaya

Mwenye Flashi sikatai kwamba faili bovu ni bovu, ila faili likibanwa sana kinachoumia kwanza ni sauti za juu, simbali zinakuwa kama maji yanamwagika, manyanga yanachakaa. Besi huwa inabaki karibu nzima. Kwa hiyo mtu akikosa besi kabisa usimpeleke kwenye FLAC, mpeleke kwenye vimpira. Kuna jingine la nyimbo zetu ambalo ni baya zaidi, zile za kujaziwa kwenye flashi pale stendi, kuna vijana wanaziongezea besi kwanza kabla ya kukuuzia, sasa wewe ukaziweka kwenye hedifoni ya besi halafu ukawasha na besi ya simu, hiyo ni besi mara tatu, lazima ikoroge.

Mwenye Flashi

Sawa lakini FLAC bado ni bora.

FundiWaya

Ni bora, sijakataa.

Mtoto wa Tandale

Niingie hapa maana mmetaja singeli na mimi ndo kazi yangu, natengeneza biti. Watu hawajui kwamba besi nzuri ya amapiano inaweza kuwa besi mbovu ya singeli. Amapiano iko taratibu, ni kama biti 112 hivi kwa dakika, lile log drum, ile ngoma yake ya besi, linapiga linavuta linaisha lenyewe, hedifoni ikiwa na mkia mrefu wa besi hata hugundui, tena inanoga. Singeli tunaenda 200 na kitu, wengine wanafika mpaka 300. Piga hesabu, kwa biti 240 kati ya kiki na kiki una robo sekunde tu. Hedifoni yenye besi nzito isiyokatika, kiki ya kwanza haijamaliza kuvuma ya pili ishafika, ya tatu ishafika, ndo unapata ile vuuuu aliyosema mwenye uzi. Sio kwamba ilikuwa na besi nyingi, ilikuwa haijui kunyamaza.

Kwa hiyo ukienda dukani usijaribu kwa amapiano. Kila kitu kinasikika kizuri kwa amapiano. Jaribu kwa singeli, ukiweza kuhesabu kiki moja moja, nunua.

Na mwingine asije akafanya kosa langu. Nilishauriwa nichukue DT 770 Pro za Beyerdynamic, hedifoni nzuri sana za studio, zimefungwa nyuma na besi yake ni safi, ila zinatoka za omu (ukinzani wa umeme) 32, 80 na 250 na mimi kwa ujuaji nikachukua za 250 nikijua namba kubwa ndo bora. Kuchomeka kwenye simu, sauti kama ya mtu anaongea chumba cha pili. Zile zinataka mashine ya kuzisukuma. Studio kwenye mashine zinawaka, kwenye simu zinalala. Wa simu chukua za omu 16 mpaka 40 hivi, mwisho 80.

Mzigo wa Mbagala

Mtoto wa Tandale umenifungua. Ile ya kwanza kwa kweli kwenye amapiano haikuwa mbaya, ilikuwa inaniua kwenye singeli tu. Na Sikinde je?

Sabufa Mstaafu

Sikinde niachie mimi. Rekodi nyingi za wazee zilifanyika Radio Tanzania pale, NUTA Jazz ambayo ndo Msondo imeanza 1964, Mlimani Park ambayo ndo Sikinde 1978, vyombo vya wakati huo na maiki chache. Gitaa la besi lipo tena lina utamu kuliko haya ya sasa maana linaimba, lina melodi yake, ila halijaenda chini sana kwenye rekodi. Usitegemee hedifoni itoe kitu ambacho kwenye tepu hakikuingia. Ukiongeza zile sauti za chini kabisa, Hz 40, kwenye wimbo wa Msondo utaongeza muungurumo wa tepu. Ongeza pale Hz 80 mpaka 120, kidogo tu, utamsikia mpiga besi anakusogelea.

Jirani wa Luthuli

Wasee wa Bongo, mimi niko Nairobi nasoma tu nacheka. Shida yenu na yetu ni moja. Sisi tumeharibiwa na nganya, zile matatu za mziki mkubwa, ukipanda matatu ya Rongai usiku ile sabufa iko chini ya kiti inakupiga mgongoni mpaka figo, ukishuka unaweka hedifoni unaona haina kitu. Lakini fikiria, ile besi ya nganya nusu yake hukuisikia kwa masikio, umeisikia kwa mwili. Hedifoni haiwezi gusa kifua chako. Ile inajaribu ni Skullcandy Crusher, iko na kitu ndani inatetemeka kabisa na iko na kitelezi chake cha kuongeza mtetemo peke yake bila kugusa sauti. Nilikuwa nayo. Wiki ya kwanza raha, wiki ya pili nikaanza kuirudisha chini, mwezi wa pili iko kwa sifuri. Lakini ukikuja na wageni unawavalisha unaweka juu kabisa wanapiga nduru.

kimbunga255

Figo 😂😂😂 kahawa imenimwagikia.

Nesi wa zamu

Samahani nawakatisha raha kidogo. Wapenda besi mna tabia moja, besi ikikosekana mnaongeza sauti yote. Ukiongeza sauti kuishinda injini ya daladala hujaongeza besi tu, umeongeza kila kitu na kinachoumia ni nywele ndogo za ndani ya sikio ambazo zikifa haziotei tena. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki. Ukifika 90 hayo masaa yanashuka mpaka 4, kwa wiki nzima sio kwa siku. Mwenye uzi wewe una masaa manne kwa siku barabarani tu. Ukishuka kituoni masikio yanapiga filimbi au unasikia watu kama wako mbali ujue umepitiliza. Kwa hiyo mimi naunga mkono hilo la kuziba na kuzima kelele kwa sababu zangu, mtu akisikia vizuri kwa sauti ndogo hana haja ya kuongeza.

Sabufa Mstaafu

Nesi, la kulia linapiga filimbi tangu hosteli. Nilidhani ni mbu.

Nesi wa zamu

Nenda ukapimwe kaka yangu, natania na watu wengine sio wewe.

Bin Ruwi

Assalaam alaykum. Mie niko Maskati, asili yangu Unguja. Nilikuwa nasoma kimya kimya lakini bajeti yako imenifanya niseme, kwa kiasi hicho ndipo feki zinapokaa nyingi. Anayetengeneza feki hapotezi muda kwenye vya bei rahisi sana, anakwenda pale pale mtu anapotaka jina kubwa kwa bei ya kati. Mie hupima hivi, kampuni kubwa nyingi zina apu yao ya simu, unaiweka mapema nyumbani, ukifika dukani unaunganisha hedifoni hapo hapo na kama modeli hiyo inakubali apu lakini apu haiitambui, unamrudishia mwenyewe kwa adabu unakwenda zako. Jina kutokea kwenye orodha ya Bluetooth si ushahidi, hata feki huandika jina.

Na kipimo changu cha besi si singeli wala hayo mambo ya log drum, mtanisamehe. Mie naweka taarab ya Ikhwani Safaa, kikundi kimeanza 1905 hicho. Pale pana besi lile kubwa la kusimama, mtu analichuna kwa vidole, na juu yake pana ganuni, udi, fidla na kodiani. Besi mbovu itamlalia mpiga udi. Nikimsikia kila mmoja yuko kwenye kiti chake na besi nalisikia kidole kikiachia uzi, basi hiyo ndiyo. Wengi mnasema mnataka besi nyingi kumbe mnataka besi inayojulikana ni chombo gani.

Besi Mbele

Sheikh hapo mwisho nimekukubali japo mimi naitaka nyingi.

Mzigo wa Mbagala

Maendeleo. Nilibadilisha kimpira cha kushoto nikaweka kikubwa, kulia nimeacha cha kati. Hakidondoki tena, hata nikitafuna muhogo. Nyumbani besi imekaa. Kwenye Coaster imekuja nusu, ya injini bado inaila. Kwa hiyo FundiWaya ulichosema ndo hicho hicho. Swali, ikwalaiza niweke vipi? Maana nimepandisha besi mpaka juu inakwaruza.

FundiWaya

Inakwaruza kwa sababu umepandisha bila kushusha. Simu ina mwisho wake, wimbo wa siku hizi ushajazwa mpaka ukingoni, ukiongeza besi desibeli 6 inamwagika, ndo huo mkwaruzo. Kwa hiyo ukiongeza 6 shusha sauti ya jumla ya ikwalaiza 6, halafu ndo uongeze volyumu ya simu. Na usiguse katikati ya Hz 200 na 400 kuongeza, hapo ndo pipa lilipo, tena ukipunguza kidogo hapo besi inasafika bila hata kuiongeza. Kama una Android jaribu Wavelet, unachagua jina la hedifoni yako kwenye orodha ndefu inakurekebishia yenyewe, halafu unaongeza besi yako juu yake.

Ukienda kununua kubwa usidanganywe na milimita za spika. Ya mm 10 iliyoziba inamtoa jasho wa mm 50 anayevuja. Na yale maandishi ya 20Hz mpaka 20kHz wanaandika hata kwenye za machinga, hayo ni masafa ya sikio la binadamu sio ahadi.

Mwenye Flashi

Niulize na mimi, nikiunganisha zangu kwenye laptop besi inakufa, kwenye simu iko poa.

FundiWaya

Kuna programu imeshika maiki, mara nyingi ni ya mikutano au ya kuongea kwenye gemu. Bluetooth ikianza kubeba na maiki inaingia kwenye hali ya simu, sauti inakuwa moja nyembamba. Izime hiyo programu au uichagulie maiki ya laptop yenyewe.

Mwenye Flashi

Dah. Ahsante. Nilikuwa nishaipangia bei ya kuiuza.

Mzigo wa Mbagala

Wakuu nimerudi kutoka Kariakoo, nimechelewa kujibu kwa sababu Jumamosi nzima nilikuwa huko na nimechoka.

Maduka matatu ya kwanza wamenikatalia kujaribu, mmoja kaniambia ukifungua boksi umenunua, nikamwambia asante nikaondoka, zamani ningenunua kwa aibu. Duka la nne, mtaa wa Aggrey kule, kijana mmoja mtaratibu akanitolea tatu za maonyesho akaniwekea na kiti. Nikafanya kama mlivyosema. Nikaanza na singeli, Mtoto wa Tandale upo? Moja ikafa hapo hapo, vuuu ile ile ya foleni, nikairudisha. Zikabaki mbili, moja ni zile ndogo za kukaa juu ya sikio, hizi zilikuwa safi tu ila nikizibana kwa viganja besi inaongezeka sana, maana yake kwenye masikio yangu haziketi sawa, labda ya mtu mwingine zingekaa. Ya tatu ni Soundcore Life Q20 ya Anker, ya kufunika sikio zima na ina kuzima kelele. Nikaibana kwa viganja, besi haikubadilika. Nikajua hapa.

Nikamwomba kijana nisimame nje ya duka palipo na jenereta. Akacheka ila akakubali, akasimama pembeni yangu nisije nikatokomea. Nikawasha kuzima kelele, jenereta likarudi nyuma kama limehamia Ilala, gitaa la Sikinde likabaki. Kelele za wauza maji zipo pale pale, kama konda. Ina na kitu cha BassUp, unabonyeza kitufe cha kuchezesha mara mbili, kwa amapiano ni tamu, kwa Sikinde nazima maana inamfunika mwimbaji, kwa singeli nazima pia. Kwa hiyo Besi Mbele ukisikia nimenunua ya kuongeza besi halafu naizima usinicheke.

Tumekokotana bei mpaka ikaingia kwenye bajeti, chenji imebaki ya nauli na soda. Leo nimetoka nayo Rangi Tatu mpaka Posta, sauti nilikuwa nusu ya kawaida yangu, Nesi nimekusikia. Tatizo lake moja ni joto, kwa jua la Dar masikio yanatoka jasho, nazivua pale Uhasibu nafuta naendelea.

Mtoto wa Tandale

Nipo. Karibu kwenye kuhesabu kiki.

bint_Ngamiani

Hongera. Na zile badzi umezifanyaje?

Mzigo wa Mbagala

Mama watoto kazichukua. Kavaa, kasikiliza wimbo mmoja kimya, kanigeukia anasema hizi ndo ulizokuwa unasema mbovu?

FundiWaya

😂 Hivi kile kimpira kikubwa ulikipata wapi, ulinunua?

Mzigo wa Mbagala

Kilikuwa kwenye boksi lake toka siku ya kwanza. Mtoto alikuwa anavichezea, nimevikuta ndani ya gari lake la kopo.